Safari ya Kakuma kwa Njia ya Lodwar

Wengi wenu mna mzazi, ndugu au shemeji aliyebaki katika kambi ya Kakuma, kaskazini-magharibi ya Kenya, na mmekuwa mkituuliza njia ya kwenda kumwona. Mwaka jana tulisafiri, sisi na mke wetu, kumzuru mama mkubwa ambaye miaka imemwinamisha na macho yameanza kumtupa. Tuliyoyaona tunayaandika hapa, hasa juu ya kiwanja cha ndege cha Lodwar, kwa kuwa hapo ndipo safari za wengi hukwama.

Lodwar ni makao makuu ya kaunti ya Turkana. Ni mji wa joto kali, mchanga, vilima vyeusi vya mawe ya volkano, na mikoma iliyojipanga kando ya mto Turkwel. Serikali ya kikoloni ilimleta hapo Jomo Kenyatta mwaka 1959, baada ya kifungo chake cha Lokitaung, na kumweka hadi mwaka 1961. Palichaguliwa kwa sababu palikuwa mbali na kila mtu. Umbali huo haujaondoka. Umepunguzwa tu na njia moja ya ndege.

Tatizo la kwanza haliko Lodwar, liko Nairobi. Ndege kubwa kutoka ng'ambo hutua Jomo Kenyatta, na ndege ndogo za Lodwar kwa kawaida huruka kutoka Wilson, kiwanja kingine kilicho upande wa Lang'ata. Kati ya viwili hivyo hakuna hata kilomita 20, lakini kilomita za Nairobi hazipimwi kwa rula. Tangu barabara ya juu ya kulipia ilipofunguliwa mwaka 2022, mtu aweza kuvuka kwa nusu saa. Siku ya mvua, au akishuka katika msongamano wa asubuhi, aweza kutumia saa mbili. Tena tiketi hizo mbili mara nyingi hununuliwa mbalimbali. Ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haikudai wala haikungoji. Inaruka, na nauli yako imekwenda nayo. Kwa hiyo tulilala Nairobi usiku mmoja. Wapo waliotucheka kwamba tunatupa fedha za hoteli. Lakini mtu aliyepewa likizo ya siku kumi na nne kiwandani, akipoteza siku mbili Wilson akingojea kiti, amepoteza nini hasa? Amepoteza siku mbili za mama yake.

Jambo la pili ni mizigo, na hapa tunaomba mtusikilize kwa makini. Kutoka Marekani wengi huruhusiwa masanduku mawili ya kilo 23 kila moja. Ndege ndogo ya Lodwar mara nyingi huruhusu kilo 15 tu, na mizani yake haina huruma. Tulishuhudia dada mmoja pale Wilson akifungua sanduku sakafuni mbele za watu, akichagua kati ya viatu vya watoto na dawa za baba yake. Aliyaacha viatu. Sisi tuliufunga mzigo wa mkononi kwa vitu visivyosubiri: dawa, miwani ya mama mkubwa, hati zote na nguo za siku mbili. Vilivyobaki tulivipeleka kwa basi kupitia Kitale, vikafika siku tatu baadaye. Hata hivyo, begi letu moja lililopimwa na kulipiwa liliachwa Nairobi bila sisi kuambiwa, likaletwa kesho yake. Miwani ilikuwa mkononi.

Safari ya angani ni kama saa moja na nusu, na ndege nyingine hutua kwanza njiani. Kiwanja chenyewe ni kidogo: njia ya kurukia, jengo dogo, na jua. Usitegemee kukuta foleni ya teksi kama Nairobi. Kutoka hapo hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, na ndugu zako hawawezi tu kuja kukupokea, maana mkimbizi huhitaji kibali ili atoke kambini. Nasi hatukutaka mama mkubwa ahangaike ofisini kwa ajili yetu. Tulipatana na dereva kwa simu kabla ya kuondoka Nairobi, mtu tuliyeelekezwa na jamaa wa kanisani, tukakubaliana bei kamili na mafuta yakiwa ndani. Nunueni laini ya simu Nairobi na muweke fedha za M-Pesa, kwani ndizo madereva wanazozitaka. Barabara imetiwa lami katika miaka ya karibuni, na siku ya kiangazi ni mwendo wa saa mbili. Mvua ikinyesha, hata mbali milimani, malaga yaliyokuwa makavu asubuhi hujaa ghafula. Chagueni ndege ya asubuhi, mfike Kakuma kabla ya jua kuchwa, usiku msiende.

Kuhusu karatasi: aliye na hadhi ya ukimbizi Marekani na hajapata uraia aombe hati yake ya kusafiria miezi mingi kabla, na asiondoke bila kuishika mkononi. Kenya tangu Januari 2024 hutaka idhini ya kuingia inayoombwa kwa kompyuta. Kuingia kambini nako ni kibali kingine, cha idara ya serikali inayosimamia wakimbizi, ombeni mapema.

Tuseme neno moja la mwalimu. Waandishi wa Kizungu hupenda kurudia kwamba jina Kakuma ni Kiswahili, na maana yake ni mahali pasipojulikana. Tumefundisha lugha hii zaidi ya miaka thelathini, na neno hilo si la Kiswahili. Watu zaidi ya laki mbili wanaishi hapo na katika makazi jirani ya Kalobeyei, na sokoni utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura na cha Nairobi katika duka moja.

Kwa kurudi, hesabuni kinyume, mkianzia ndege ya Marekani. Ndege ya Lodwar ikifutwa, inayofuata huenda ikawa imejaa. Yetu ya Marekani ilikuwa Ijumaa usiku. Tuliondoka Lodwar Jumatano. Mama mkubwa alinung'unika kwamba tumemwibia siku mbili, kisha akavaa miwani yake na kuanza kuhesabu vitenge alivyotaka tumletee safari ijayo.