Si Lazima, Babu

Ubao wa sataranji una vyumba 64. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, na kete zake ni 64. Hatudhani kuna siri yoyote katika kulingana huko, ila sisi tuliokulia Songambele, wilayani Kyerwa, namba hiyo tuliijua kwa kete kabla ya kuijua kwa vyumba. Kwetu ni pembezoni mwa nchi. Ng'ambo ya Mto Kagera, Wanyarwanda wanacheza igisoro; upande wa Uganda wanacheza omweso; na michezo yote miwili ina safu nne za mashimo na kete 64 vilevile. Babu yetu hakuupenda hata mmoja. Yeye alicheza bao la Kiswahili, lenye nyumba na lenye kunamua, alilojifunza ujanani Tanga alipokuwa kibarua katika mashamba ya mkonge. Alirudi na mfuko wa komwe, akachongesha ubao, na kwa miaka mingi baraza lake ndilo lililokusanya wazee wa jirani kila jioni.

Sataranji, au chesi kama vijana wanavyosema, sisi wawili tuliikuta seminarini. Baba zetu ni ndugu, tulisoma darasa moja, na tulicheza kila Jumapili mchana. Mwaka 2016 ilipotoka filamu ya Queen of Katwe tuliona fahari kana kwamba ilitengenezwa kijijini kwetu. Inamhusu Phiona Mutesi, mtoto wa Katwe, Kampala, aliyemfuata kaka yake kwenye darasa la sataranji la Robert Katende, mahali ambapo watoto walipata pia kikombe cha uji. Mwaka 2010 aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Kampala iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, basi tulijihesabu kuwa majirani.

Desemba 2017 tulirudi likizo na ubao wa plastiki wa kukunja. Ngome moja nyeusi ilikuwa imepotea, na mahali pake tuliweka kizibo cha soda. Mwezi Mei mwaka ule Babu alikuwa amepata kiharusi. Kauli ilirudi, na mguu ulirudi kwa msaada wa fimbo, lakini mkono wa kulia haukurudi. Asiyecheza bao hawezi kujua maana yake. Bao huchezwa na vidole: unachota kete za shimo zima, unazisambaza moja moja, mbio, bila kutazama. Babu alijaribu kwa mkono wa kushoto. Kete zilimponyoka, zikaangukia mashimo yasiyo yake, na mwenzake akawa anamrekebishia kwa upole. Nadhani upole ule ndio uliomuumiza. Ubao ukawekwa darini. Wazee wakaacha kuja, naye akawa anakaa chumbani mlango umefungwa mchana kutwa.

Sataranji inahitaji kusogeza kitu kimoja tu, na mkono wowote unatosha. Hilo ndilo tulilomwambia, naye akajibu kwamba hafundishwi mchezo na watoto aliowafundisha kuhesabu. Siku ya tatu alituuliza farasi anakwendaje.

Alijifunza kwa wiki moja. Askofu alimsumbua kidogo. Tulipomweleza kwamba anakwenda mshazari na haachi kamwe rangi aliyoanzia, Babu alisema huyo ni askofu kweli. Lakini tulipomwonyesha jinsi ya kumtoa ili kupata nafasi, alikataa katakata. Askofu hatolewi. Tulimweleza kwamba kwa Waarabu, ambao neno sataranji limetoka kwao, kipande kile kilikuwa tembo. Akasema basi na aitwe tembo, na tembo atatolewa.

Mchezo tunaoukumbuka ulichezwa mkesha wa Noeli, barazani, kwa sababu chumbani mlikuwa na giza. Shangazi zetu walikuwa wakichambua senene pembeni. Sisi wawili tulishika weupe tukishauriana, Babu alishika weusi peke yake. Hatua zote tuliziandika daftarini, na ziko 61.

Katika hatua ya pili tulimtolea askari, kama wafanyavyo wanaotaka mchezo wa haraka. Akamla. Katika hatua ya 9 tulimwachia askofu, akamla. Katika hatua ya 14 malkia wake alishuka mpaka kona yetu akala ngome. Mfalme wake alikuwa bado amesimama katikati, wazi kabisa, na Babu alikula kana kwamba hana mfalme. Mwanzoni tulidhani ni njaa ya mtu aliyekaa miezi saba bila kucheza. Kumbe ilikuwa sheria. Katika bao la Kiswahili mwenye nafasi ya kula lazima ale. Hana ruhusa ya kupita. Babu alikuwa ameileta sheria ile barazani bila sisi kujua, na bila yeye kujua kwamba ubao huu hauna sheria hiyo.

Tulikuwa tumesoma juu ya mtu aliyekula namna ile. Tarehe 21 Juni 1851, London, Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau, alicheza na Lionel Kieseritzky mchezo wa kupumzikia tu, nje ya mashindano. Alimtolea askofu, ngome zote mbili, na mwisho malkia. Kieseritzky alikula vyote, akafungwa katika hatua ya 23 na vipande vidogo vilivyobaki. Wachambuzi wa baadaye, akiwamo Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia, walionyesha mahali ambapo angeweza kujitetea vizuri zaidi. Hata hivyo mchezo huo unaitwa usiokufa. Na aliyeuchapisha mwezi uliofuata, katika gazeti lake la sataranji la Paris, ni Kieseritzky mwenyewe, aliyeshindwa. Kwetu sisi huyo ndiye mkubwa wa siku ile.

Basi nasi katika hatua ya 23 tulimwekea Babu malkia wetu, akimtisha mfalme, mahali ambapo farasi wake angeweza kumla. Kama angemla, farasi wetu angemfunga mfalme papo hapo. Mkono wa kushoto ulinyanyuka, ukasimama juu ya farasi. Shangazi mmoja aliacha senene akatazama.

"Ni lazima nile?" Babu aliuliza.

Kumshauri mpinzani si desturi. Lakini aliuliza sheria, na sheria haifichwi.

"Si lazima, Babu."

Akarudisha mkono gotini. Akakaa muda mrefu hadi wazee wawili waliokuwa wakipita barabarani wakaingia kuona kuna nini. Kisha akamsogeza mfalme chumba kimoja kando, kimya. Baada ya hapo mashambulizi yetu yalipoa hatua kwa hatua, na vyote tulivyomtolea vikaanza kudaiwa. Jua lilipoelekea kuzama sisi tulikuwa na mfalme konani na askari mmoja; yeye alikuwa na malkia, kizibo cha soda na askari wawili. Baraza lilikuwa limejaa.

Katika hatua ya 61 malkia wake alimla yule askari wa mwisho. Mfalme wetu hakuwa ametishwa, ila hakuwa na chumba hata kimoja cha kwenda, wala hatukuwa na kipande kingine cha kucheza. Baraza lililipuka kwa vigelegele. Katika bao asiye na la kucheza ameshindwa. Kila mtu pale alilijua hilo tangu utoto. Sisi tulilazimika kusimama na kusema kwamba katika sataranji hiyo ni sare.

"Sheria gani inamlinda mtu asiye na pa kwenda?" aliuliza mzee mmoja, mpinzani wa Babu wa miaka mingi. Wengine walisema wasomi wamezidiwa wanatafuta mlango. Babu hakubishana. Aliomba daftari, na chini ya neno letu "sare" akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda, jina lake na neno "kashinda". Hatujalifuta.

Mwaka jana tuliziingiza hatua zile katika programu ya simu. Ilijaza ukurasa alama za makosa. Hatua ya 23 ya weusi iliikubali bila neno.

Siku ya Noeli, baada ya Misa, yule mzee alirudi kudai kwamba kama ni ushindi basi uthibitishwe kwenye bao. Ubao ulishushwa kutoka darini, ukafutwa vumbi. Babu alimwita mjukuu wake wa darasa la tatu, akamketisha mbele yake, akawa anamtajia shimo na upande, na mtoto anasambaza. Mzee alilalamika kwamba mtoto ana mkono mwepesi mno, haonekani anachofanya. Babu akamwambia ahesabu, ni zamu yake.