Nyumba ya Wageni ya Ngerengere

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha pita Ngerengere, lakini waliolala huko ni wachache. Mimi nililala siku ishirini na tano, likizo ya Desemba iliyopita, katika nyumba ya wageni ya mama yangu mkubwa. Ina vyumba sita, paa la bati, na ua wenye migomba na mipapai. Ndiyo inayoninunulia madaftari, sabuni na nauli ya kuja bwenini, kwa hiyo kufa na kupona kwake kwanihusu.

Mwalimu wetu wa Jiografia alipata kutusimulia habari za hoteli za nchi za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Sweden na Norway. Huko, tangu mwaka 1989, kuna alama yenye picha ya bata maji, nayo hoteli haipewi mpaka umeme wake, maji yake na taka zake zipimwe. Katika mji wa Copenhagen hoteli moja ilitangaza mwaka 2010 kwamba mgeni atakayepanda baiskeli iliyofungiwa mtambo, akakanyaga mpaka ukatoka umeme wa wati 10 kwa saa moja, atapewa chakula bure. Darasa zima lilicheka. Nilimweleza mama mkubwa jambo hili tulipokuwa tukichambua mchele, wala yeye hakucheka. Akauliza, "Umeme huo watosha nini?" Nikamjibu, "Taa moja ndogo, mama, kwa muda wa saa moja." Akasema, "Basi wanagawa chakula tu, mwanangu. Wanacho kingi."

Kwake yeye hakuna mgeni anayepewa kitu bure, ila hakuna kitu kinachomwagwa pia. Mgeni hupewa ndoo moja ya lita 20 ya kuogea. Maji yakishaogewa hupita katika mfereji wa saruji mpaka kwenye migomba, na ndizi zile ndizo huliwa na wageni asubuhi pamoja na chai. Mashuka hufuliwa mgeni anapoondoka, si kila siku. Taa za ukumbini huwaka kwa paneli ya jua, maana umeme ukikatika usiku wageni hugonga milango na kudai fedha zao.

Maji ndiyo kazi kubwa. Mto Ngerengere watoka milima ya Uluguru, waingia bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro, kisha washuka mashariki kupita kwetu na kujiunga na Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Mtu angedhani kwamba sisi tulio katikati twaoga tunavyotaka. Lakini mto si bomba, na bomba letu hutoka kwa zamu. Basi mama mkubwa hutegemea paa. Nililipima kwa kamba: mita 12 kwa 9, yaani mita za eneo 108. Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu yake ni lita 2,160, ukitoa kidogo kinachoruka nje ya mifereji. Tangi lake ni la lita 5,000. (Hesabu hizi tulizifundishwa kidato cha pili, na sikupata kuona faida yake mpaka siku ile niliposimama chini ya bati na kamba mkononi.)

Kaka yangu, mwanawe wa kwanza, alikuja kutoka Dar es Salaam wiki ya Krismasi, na maneno yakaanza. Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, kituo kimoja kiliwekwa Ngerengere. Mfanyabiashara wa machungwa aliyekuwa akilala kwetu kungoja gari la alfajiri, sasa huenda na kurudi siku ile ile. Usiku mwingine tulikuwa na wageni wawili tu. Kaka akasema, "Mama, watu wa siku hizi wataka vigae, choo cha kuvuta, na bomba la mvua. Chukua mkopo, weka nyumba rehani." Mama mkubwa akanyamaza, kisha akaniambia, "Wewe mwenye shule, lete karatasi."

Nikaandika. Wageni sita, kila mmoja lita 25 kwa siku kwa kuoga na kunawa, ni lita 150. Tangi lililojaa hutosha siku 33. Kwa choo cha kuvuta, kila mvuto ukila lita 8 na mgeni akivuta mara tano, ni lita 40 zaidi kwa kila mtu. Jumla ni lita 390, na tangi huisha siku ya kumi na tatu. Kiangazi chetu chaanza Juni, na vuli haiji kabla ya Oktoba. Kaka akaitazama karatasi kwa muda mrefu. Akasema kwamba mgeni hajali hesabu, hujali raha. Nami naona hapo alisema kweli, maana mama mmoja muuza nguo aliiona ndoo akachukua mzigo wake akaondoka.

Wala msomaji asidhani kwamba nyumba ile haina ila. Maharage bado hupikwa kwa mkaa, na mkaa ni miti. Mkakati wa taifa uliotolewa Mei 2024 wataka watu 80 katika kila 100 wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Gesi tunayo, ila ni ya chai. Mtungi huisha ghafla na kuujaza kwataka fedha nyingi kwa mara moja, hali mkaa hupimwa kwa kopo.

Mama mkubwa hakuchukua mkopo. Aliuza mbuzi watatu ili anunue tangi la pili, na chumba kimoja tu akakubali kitiwe bomba la mvua, lenye matundu madogo. Kaka aliondoka bila kungoja chakula cha mchana. Siku niliyofunga sanduku langu kurudi shuleni, mafundi walikuwa wakijenga msingi wa tangi, na lori lililopeleka machungwa Dar es Salaam lilirudi na mifereji sita ya bati, mipya. Dereva alisema ametumwa na kaka. Barua haikuwamo.