Picha Ilipokuwa ya Ukumbi Mzima

Miaka ya tisini, aliyetaka kuona filamu Chato alikwenda banda la video. Ndani kulikuwa na mabenchi ya mbao na runinga ya chogo juu ya meza ndefu. Jenereta lilinguruma nyuma. Chato wakati huo ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera. Ilipata wilaya yake mwaka 2005, na mwaka 2012 ikahamia Mkoa mpya wa Geita. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994, na hata vilipoanza, mawimbi yake hayakufika kwetu upesi. Kwa hiyo tulichokijua sisi ni deki na kanda.

Mabandani walikutana watu wa kila aina. Wavuvi wa Muganza walikuja wakishauza sangara na dagaa, wachimbaji wadogo walitoka upande wa Buseresere na vumbi la karasha miguuni, na wanafunzi walijipenyeza pembeni. Filamu ilikuwa ya Kihindi au ya kareti kutoka Hong Kong, na kijana mwenye sauti kali alisimama kando ya kioo akitueleza kinachosemwa. Baadaye kazi hiyo ilipata bingwa wake nchini, Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu. Sauti yake ilirekodiwa juu ya filamu zenyewe na kanda zikauzwa hivyo.

Mitambo ile ilisumbua, na ikisumbua kila mtu aliona. Chenga zikijaa kiooni, watu walipaza sauti, "Fundi, hedi!" Mwenye banda alifungua deki, akalowesha kitambaa kwa spiriti na kusafisha ile hedi inayosoma kanda, huku mtu akimmulikia tochi. Picha ikikatika kwa mistari ya mlalo, alizungusha kitufe cha kulinganisha mkanda polepole, na walioketi mbele wakamwongoza: "Rudisha kidogo, hapo, acha." Nyaya zilikuwa tatu, wa njano ukibeba picha, mweupe na mwekundu sauti. Hata mtoto alijua kwamba sauti ikija bila picha, ni wa njano uliochomoka.

Hitilafu niliyoistaajabia zaidi ni filamu ya rangi kutoka bila rangi. Runinga nyingi zilitengenezwa kwa mfumo wa PAL, wenye mistari 625, ambao ndio unaotumika Tanzania. Kanda iliyorekodiwa Marekani au Japani ilikuwa ya NTSC, mistari 525. Runinga isiyoijua NTSC huweza kushika picha na kushindwa kusoma rangi, hivyo sari nyekundu ikawa ya kijivu, au picha ikapanda juu bila kutulia. Mwenye banda alitueleza hayo wazi: kanda hii na runinga hii hazielewani. Tulivumilia au tulidai kanda nyingine, lakini tulitoka tukijua kosa liko wapi.

Chato ya leo ina runinga bapa za inchi nyingi kumbini, mahotelini na majumbani. Analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, na ving'amuzi vikaenea nchi nzima. Video ya sendofu sasa hairekodiwi kwenye kanda. Hupigwa kwa simu au kamera ndogo, ikahaririwa kwenye laptopu, kisha laptopu ikaunganishwa na runinga ya ukumbi kwa waya mmoja wa HDMI. Baadhi ya video za aina hiyo ni za HDR, yaani picha yenye wigo mpana wa mwangaza, maana simu zinazorekodi hivyo zimezagaa. iPhone 12 ya mwaka 2020 tayari ilifanya hivyo.

HDR ilitufaa sisi kuliko watu wengi. Picha ya kawaida iliandaliwa kwa kioo chenye mwangaza wa niti 100 hivi, niti ikiwa kipimo cha mwangaza wa kioo. Mfumo wa HDR10 umetengewa nafasi hadi niti 10,000, ingawa filamu nyingi huandaliwa kwa 1,000 au 4,000. Picha ya kawaida huwa na ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, HDR10 ina 1,024, na zikichanganywa hupatikana rangi zaidi ya bilioni moja. Faida yake huonekana kwa bibi harusi mwenye ngozi nyeusi na gauni jeupe, aliyesimama juani saa saba mchana kando ya Ziwa Victoria. Kwenye video za zamani, gauni likionekana vizuri uso uliingia giza, na uso ukionekana gauni liligeuka doa jeupe. HDR huvihifadhi vyote viwili.

Ndiyo maana niliumia katika sendofu moja hapa mjini. Ilioneshwa video ya bibi mzaa mama wa binti, iliyopigwa nyumbani kwake kabla hajafariki, akimpa mjukuu wake maneno ya kuanzia maisha. Kwenye simu niliiona: kitenge cha njano, mikunjo ya uso, macho yenye uhai. Kwenye runinga kubwa ya ukumbi bibi alitoka amepauka kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima. Ukumbi ulinyamaza kwa heshima. Hakuna aliyeita fundi, kwa sababu kila mtu alidhani video ndivyo ilivyopigwa. Mama wa binti alifuta machozi akitazama picha ya kijivu ya mama yake.

Kilichotokea kinaelezeka, na undugu wake na kanda ya NTSC ni wa karibu. Namba za HDR zimeandikwa kwa kipimo chake chenyewe cha mwangaza na rangi. Zikisomwa kwa kipimo cha kawaida bila kugeuzwa, rangi hulegea na weusi huwa kijivu. Tofauti ni kwamba sasa vifaa hujadiliana vyenyewe ndani ya waya. Runinga huieleza laptopu uwezo wake, laptopu ikaamua itume nini, na mtazamaji haambiwi vimekubaliana nini.

Mahali pa kukagua si pengi. Waya na tundu kwanza: HDMI 1.4 ya mwaka 2009 haikuandaliwa kwa HDR, maelezo ya HDR yaliingizwa katika HDMI 2.0a mwaka 2015. Kisha runinga: matundu mengi huja yamefungiwa hali ya kawaida, na ni lazima uingie kwenye menyu yake uruhusu ishara kamili kwa tundu ulilotumia. Tatu ni laptopu. Kwenye Windows 11 ingia Settings, System, Display, uchague runinga, kisha uwashe HDR. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P na utumie runinga peke yake au kama kioo cha pili, maana kioo cha laptopu kisicho na HDR kikionesha picha ileile kwa pamoja huivuta runinga chini. Ikiwa picha ni ya 4K na mizunguko 60 kwa sekunde, HDMI 2.0 yenye gigabiti 18 kwa sekunde haitoshi kubeba HDR kwa rangi kamili. Shusha mizunguko hadi 30. Na ikiwa ukumbini kuna projekta ya zamani, usilazimishe. Andaa mapema nakala ya kawaida kwa programu inayoigeuza HDR kwa hesabu sahihi.

Haya yote kijana wa Chato anaweza kuyajua kama mwenye banda alivyoijua hedi ya deki. Mabenchi, moshi wa jenereta na kanda zilizokwama siyalilii. Ninachokililia ni ule ujuzi uliokuwa mikononi mwa watu, ukisemwa kwa Kiswahili mbele ya wote, hata mtoto akaondoka nao. Leo picha ni bora mara nyingi, na ujuzi wa kuilinda umejificha kwenye menyu za Kiingereza ambazo wengi hawazifungui.

Vijana wa mitambo, fikeni ukumbini kabla ya wageni na mjaribu faili lenyewe, kwa waya uleule, kwenye runinga ileile, na mfundishe wanaowasaidia. Familia, tunzeni faili la asili kutoka kwenye simu iliyopiga, maana nakala iliyopita WhatsApp kwa kawaida imeshapunguzwa. Na wewe uliyeketi ukumbini, ukiona mzee wenu amepauka kwenye kioo, usinyamaze. Mwite fundi.