Mgeni wa Siku ya Tatu

Mwezi Agosti mwaka 2024, bwana mmoja wa makamo, mzaliwa wa Kitale, alijikuta katika foleni ambayo hakuitarajia. Alikuwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, mkononi ameshika pasi ya Marekani. Foleni ya wenyeji ilikuwa upande wa pili. Aliwasikia wakitaniana, mmoja akilalamika kwamba mzigo wake umechelewa, mwingine akimpigia simu mkewe kumwambia aweke chai jikoni. Yeye alisimama nyuma ya watalii wawili waliovaa kofia pana. Alipofika dirishani alimwamkia afisa wa uhamiaji kwa Kiswahili, na afisa yule, kijana ambaye bila shaka alikuwa mtoto mdogo bwana huyu alipoondoka nchini mwaka 2001, akatabasamu na kumpongeza kwa jinsi alivyokimudu Kiswahili.

Msomaji atacheka, na ni haki yake kucheka. Hata hivyo, sheria haikuwa na mzaha. Bwana huyu alichukua uraia wa Marekani mwaka 2009. Chini ya katiba ya zamani, mtu mzima aliyejitwalia uraia wa nchi nyingine aliupoteza wa Kenya. Katiba iliyozinduliwa Agosti 2010 ilibadilisha mambo: tangu hapo mzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine, na aliyekuwa ameupoteza anaruhusiwa kuuomba tena. Kuomba tu ndiko kulikohitajika. Mwaka ukaja, mwaka ukaenda, fomu haikujazwa. Si uvivu uliomzuia. Kujaza fomu ile kungekuwa kukiri kwa maandishi kwamba kuna siku alikoma kuwa mtu wa kwao, na kuna mambo ambayo mtu huweza kuishi nayo maadamu hajayaandika.

Fasihi ya Kiswahili inaifahamu safari ya kwenda Kitale. Katika riwaya ya Siku Njema iliyotoka mwaka 1996, Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kusafiri hadi Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Mwandishi wake, marehemu Ken Walibora, alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia. Alisoma na kufundisha Marekani, kisha akarejea Kenya, ambako mauti yalimkuta Aprili 2020. Wasomaji wengi humkumbuka Kongowea kwa ajili ya kile alichokuwa akikitafuta. Ila Kongowea alikuwa na nafuu moja ambayo bwana huyu hakuwa nayo. Yeye alikwenda kwa watu ambao hakuwahi kuwaacha. Asiyemjua baba yake hawezi kulaumiwa kwa kumsahau.

Bwana huyu alikuwa kifunguamimba. Mama yake alifariki mwaka 2006, wakati stakabadhi zake za ukaazi zilipokuwa zikishughulikiwa, na wakili akamwonya kwamba akitoka Marekani kabla ya kibali, maombi yake yatahesabiwa kuwa yametupwa. Akabaki. Mazishi aliyasikia kwa simu, sauti ikikatika na kurudi, huku mtu fulani akiwa amekishika chombo kile karibu na waombolezaji. Baada ya hapo, kila mwaka uliopita uliifanya safari ya kurudi iwe nzito zaidi. Alituma pesa. Mwanzoni alizituma kwa njia za tabu, mdogo wake akilazimika kwenda mjini na kitambulisho na kupanga foleni. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mambo yalirahisika hatua kwa hatua hata ikawa pesa zinafika kabla salamu hazijaandikwa. Kisha salamu zenyewe zikaacha kuandikwa. Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 mwaka 2024, na serikali hulitaja jambo hilo kwa fahari. Hakuna benki inayoweka hesabu ya barua zilizokoma.

Kutoka Eldoret alipanda matatu. Walipopita Moi's Bridge mvua ilianza, ile mvua ya Agosti ya Trans Nzoia isiyo na haraka, na mahindi yalikuwa yamesimama pande zote mbili za barabara, marefu, yenye vinyoya vya kahawia. Hapo alilia kidogo, akijifanya anafuta kioo.

Bomani nje ya mji wa Kitale alipokewa vizuri mno. Watoto wa mdogo wake walitangulia mbio wakipaza sauti, "Mgeni amefika! Mgeni amefika!" Shemeji yake alimpokea mizigo, akamwingiza sebuleni, akamketisha kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa cheupe. Nyumba ile ilijengwa kwa pesa zake. Aliijua kwa picha, kama alivyolijua kwa picha kaburi la mama lililosakafiwa saruji kando ya migomba. Hakuijua milango yake. Alipotaka kunawa mikono aliishika njia ya chumba cha kulala cha wenyewe, na mtoto wa miaka sita akamwelekeza kwa adabu.

Usiku ule alichinjiwa kuku. Sahani ilipowekwa mbele yake, juu ya vipande vyote ilikuwa firigisi.

Kwa Wabukusu, na kwa Waluhya wengine wengi, firigisi si kipande cha nyama tu. Ni haki ya mwenye mji. Mwanamke aliyempika kuku anajua kwamba firigisi ikikosekana katika sahani ya mume, kuna maswali. Vilevile, mgeni wa kiume anayeheshimiwa huweza kuandaliwa hiyo hiyo, mwenye mji akijinyima kwa ukarimu. Basi firigisi ile ilikuwa na maana mbili, na maana hizo hazipatani. Iwapo alipewa kwa kuwa ndiye mkubwa, basi boma lilikuwa lake na lilikuwa likimngoja miaka ishirini na mitatu. Iwapo alipewa kama mgeni, basi boma lilikuwa la mwingine, naye amekirimiwa. Hakuna njia ya kuuliza. Mdogo wake aliyaangalia maji ya kunawa. Bwana yule, kwa furaha, kwa njaa, na kwa kutaka sana maana ya kwanza iwe ndiyo, aliila.

Kimya kilichofuata kilikuwa kifupi sana. Mtoto mkubwa alimtazama baba yake, akatazama sahani, akarudi kwenye ugali wake.

Siku ya pili haina mengi ya kusimuliwa. Aliamka alfajiri, akaomba panga akawakatie ng'ombe majani. Shemeji yake alicheka kwa heshima: "Pumzika, shemeji. Wewe ni mgeni." Alishinda ndani akitazama mvua. Walimu wetu hutufundisha methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na aghalabu huieleza kama kejeli kwa mgeni mvivu anayesahau kuondoka. Ingefaa isomwe pia na mtu aliyerejea kwao. Kwake yeye jembe hilo halikuwa adhabu. Alilingoja kwa hamu, na akaanza kuogopa kwamba hakuna atakayempa.

Siku ya tatu alikwenda Bungoma kumwona senge yake, dada wa baba, wa pekee aliyesalia katika kizazi chao. Barabara ilimpitisha Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Karibu na Webuye alifumba pua bila kufikiri, kama walivyofanya utotoni, kujikinga na harufu ya kiwanda cha karatasi cha Pan Paper. Harufu haikuja. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na ingawa kiliuzwa mwaka 2016 na mitambo kufufuliwa kwa sehemu, kile kishindo cha zamani hakikurudi. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kuona upweke kwa sababu hewa ni safi. Mbele ya Webuye walipunguza mwendo kuwapisha vijana waliokuwa wakikimbia wakipiga njuga, miili imepakwa vumbi la unga, kundi la waimbaji nyuma yao. Mwaka wa shufwa ni mwaka wa tohara kwa Wabukusu, na vijana wale walikuwa wakienda kuwaalika jamaa. Mmoja wao alimwonyesha njuga dirishani. Hakumjua bwana yule; alikuwa akimwalika kila mtu.

Senge alimpokea kwa "Mulembe" moja ndefu, akamshika uso kwa mikono miwili, kisha akamkaripia kwa kukonda. Karipio lile lilimtuliza kuliko kitambaa cheupe cha Kitale. Alimsimulia yote, hata habari ya firigisi, akidhani anachekesha. Kikongwe hakucheka.

"Uliila, baba?"

"Niliila, senge."

"Baba yako hakuwahi kuila hapa."

Ndipo alipokumbuka. Baba yake aliondoka Bungoma akiwa kijana, akaenda Trans Nzoia kufanya kazi kwenye shamba la mzungu wakati eneo lile lilikuwa nyanda za walowezi. Uhuru ulipokuja na mashamba yakaanza kuuzwa na kugawanywa, alichanga na wenzake wakanunua kipande. Akazaa huko, akazikwa huko. Hata hivyo, kila alipotamka neno "nyumbani" alimaanisha Bungoma, na kila Desemba aliwapakia watoto garini kuja kwa mdogo wake aliyebaki na ardhi ya babu. Kuku alichinjwa kila Desemba. Firigisi ililetwa mbele ya baba kila mara. Mtoto aliona baba akiigusa kwa kidole, kisha akiisukuma sahani upande wa pili wa meza, na amu akikataa, na baba akisukuma tena. Alidhani ni mchezo wa wazee.

"Alisema imondo ni ya yule anayefunga ng'ombe jioni," senge akaeleza. "Yeye alikwenda kutafuta. Mwenzake alibaki kufunga ng'ombe. Ulipokuwa ng'ambo, mama yako aliuguzwa na nani?"

Hakuhitaji jibu, naye hakulitoa. Walikunywa chai.

Alasiri, njiani kurudi, alishuka sokoni Kamukuywa, akanunua jogoo mwekundu bila kupatana bei vizuri, akapanda matatu nyingine. Kondakta alimwambia kuku hana nauli ila asimruke dereva. Akasafiri na jogoo miguuni, kamba ya katani imezungushwa kidoleni.

Alifika bomani giza likiingia. Alimkabidhi shemeji yake jogoo na kumwomba kitu kimoja kuhusu namna ya kuipakua sahani. Shemeji alimtazama kwa muda, hakusema neno, akamchukua jogoo. Kisha kwa mazoea akamwambia, "Karibu ndani, mgeni." Hakuingia. Aliketi kwenye benchi la nje ya jiko, mahali ambapo mama yake alizoea kuchambua maharagwe. Baadaye akasikia kikohozi cha mdogo wake njiani, na kwato zikizama na kung'oka katika matope. Akainuka, akaenda kulishika lango ng'ombe wapite.