Eldoret: Fimbo ya Mzee Hupimwa, Haiokotwi Dukani

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Msomaji mpendwa, ukitaka kujua kama wahenga hao walisema kweli au walitia chumvi, panda gari Jumamosi moja uende Eldoret. Mji huo una mbao za kila namna, na mafundi pia wapo. Anayekosekana ni mteja ajuaye la kuuliza. Leo tunakupeleka huko kwa shabaha moja tu: umpatie babu au nyanya fimbo ya kutembelea, iliyochongwa kwa mkono na kupimwa kwa mwili wake mwenyewe.

Huenda ukasema, fimbo ni fimbo, ya nini safari yote hiyo? Hebu mtazame mzee yeyote anayetembea na fimbo isiyo yake. Ikiwa ndefu mno, bega hupanda juu na mkono huchoka upesi. Ikiwa fupi, mzee huinama upande mmoja na mguu wake huyumba. Kuanguka kwa mtu wa miaka 75 si sawa na kuanguka kwa mtoto wa shule. Nyonga ikivunjika katika umri huo, huenda mtu asirudi tena kutembea kama zamani. Kwa hivyo fimbo si pambo. Ni mguu wa tatu, na mguu haununuliwi kwa kukisia.

Njiani

Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni mwendo wa kilomita 310 hivi. Ukishapita Nakuru, barabara huanza kupanda, na baada ya Mau Summit utahisi masikio yakiziba. Ukifika Timboroa, vaa sweta. Stesheni ya reli ya hapo imejengwa mita zaidi ya 2,700 juu ya usawa wa bahari, na ingawa mstari wa Ikweta unapita papo hapo karibu, baridi yake haijui kwamba hiyo ndiyo Ikweta.

Hapo ndipo miti inapoanza kukusalimu, misonobari na misaiprasi iliyosimama kwa safu kama askari gwarideni. Waonyeshe watoto, kisha waulize miti hiyo ni wenyeji wa wapi. Saiprasi na msonobari unaopandwa sana humo asili yake ni Meksiko na nchi jirani. Mkalatusi na mwati ni wageni kutoka Australia. Wakoloni walipofika katika nyanda za Uasin Gishu, walikuta mbuga pana ya majani yenye miti michache. Mwaka wa 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda milima hii kwa magari ya mbao yaliyokokotwa na maksai. Wao na walowezi wengine waliowafuata walipanda miti ya kigeni kwa kuni, kwa nguzo na kwa biashara. Kwa miaka mingi kampuni ya EATEC ilikuwa na mashamba makubwa ya miwati karibu na Eldoret. Magome yake yalikamuliwa dawa ya kulainishia ngozi. Baadaye ardhi hiyo iliuzwa na kugawanywa, lakini miwati haikuondoka.

Sikisti Foo

Eldoret yenyewe ilianza kama shamba nambari 64, na ndiyo sababu wazee hadi leo huuita mji huo Sikisti Foo. Posta ilifunguliwa mwaka wa 1910. Reli ilifika mwaka wa 1924. Husimuliwa kwamba benki ya kwanza ilijengwa kulizunguka sanduku la fedha, kwa vile sanduku lilipoteremshwa kutoka garini lilikuwa zito mno hata hakuna aliyeweza kulisogeza tena. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Tembea mjini polepole na utazame mikono ya wazee. Utaona bakora yenye kishikio kilichopinda, fimbo nyembamba ya mchungaji, mkongojo wa mtu mwenye mguu mbovu, na rungu. Rungu hapo zamani lilikuwa silaha. Leo mzee hulishika kama alama ya heshima na wala hampigi mtu. Rais wa pili wa Kenya, Daniel arap Moi, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002, alijulikana kwa rungu lake lisilomtoka mkononi. Alipozikwa Kabarak tarehe 12 Februari 2020, mwanawe Gideon alikabidhiwa rungu mbele ya waombolezaji. Hivyo ndivyo kipande kimoja kilichochongwa kinavyoweza kubeba maneno ambayo hotuba nzima haitoshi kuyasema.

Kumjua fundi

Sasa nenda kwenye vibanda vya jua kali vya maseremala. Vitanda, kabati na milango vitakuwa vimepangwa hadi kando ya barabara. Usivutwe na king'ao cha vanishi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mweleze fundi shida yako, kisha usikilize atakujibu nini.

Fundi wa haraka atakuonyesha fimbo tatu na kukutajia bei. Fundi wa kweli atakuuliza, "Mzee mwenyewe yuko wapi?" Ukimjibu kwamba yuko nyumbani Nairobi, atasema, "Basi, kijana, kipimo chake umekuja nacho?"

Kwa hiyo chukua kipimo kabla ya kusafiri. Mzee asimame wima akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia bila kukazwa. Pima kutoka kwenye mkunjo wa kiganja, pale kinapoungana na mkono, hadi sakafuni. Huo ndio urefu wa fimbo yake. Akiishika, kiwiko kitapinda kidogo tu. Angalia pia vidole vyake: mwenye ugonjwa wa viungo huhitaji kishikio kinene, maana kitu chembamba humlazimu akaze ngumi nayo yauma. Mwisho, muulize ni mguu upi unaomsumbua. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande wa pili, si upande wa mguu mbovu kama wengi wadhaniavyo.

Kupima kitu cha mti kwa mwili wa mtu si jambo geni. Hata jeshi la Uingereza, ambalo bunduki zake aina ya Lee-Enfield zilibebwa na askari wetu wa KAR, lilitengeneza vitako vya mbao vya urefu wa aina nne, kwa kuwa mikono ya binadamu haifanani. Ikiwa askari alipimiwa kitako, iweje babu asipimiwe fimbo?

Mti upi?

Saiprasi ni laini na hukubali randa, lakini hiyo ni mbao ya kabati. Mkalatusi una nguvu, ila ukikauka vibaya hujipinda na kupasuka. Mwati ni mgumu, mzito, na hufaa sana kwa mipini. Anayesifiwa kuliko wote ni mzeituni wa mwituni, ambao Wakalenjin huuita emitiot. Ni mti wa kienyeji, hukua polepole, na moyo wake una michirizi ya rangi ya kahawia inayopendeza.

Hapa, msomaji, kuna jambo la dhamiri. Sheria ya misitu ya mwaka wa 2016 inakataza kukata mti katika msitu wa umma bila kibali. Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji katika misitu hiyo, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuondoa marufuku hayo, jambo ambalo lilifikishwa mahakamani. Usione haya kumuuliza fundi mti wake umetoka wapi. Tawi lililopogolewa shambani kwa mkulima linatosha fimbo moja. Hakuna haja mti wa miaka mingi uangushwe ili babu apate pa kuegemea. Ikiwa mzeituni una maswali, chukua mwati bila kinyongo.

Baada ya hapo uliza swali la pili: mti huu umekauka? Mti mbichi una maji mengi mno, na maji yakitoka baada ya kuchongwa, fimbo hupinda. Fundi mwangalifu hupaka nta au rangi kwenye ncha zote mbili za kijiti ili kisikauke kwa pupa na kupasuka, kisha hukiweka kivulini penye hewa. Mafundi wa zamani wa Ulaya walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kijiti kilichokauka ni chepesi kuliko kibichi, na ukikigonga hulia kwa sauti kavu.

Swali la tatu ni nyuzi. Tazama mistari ya mti ubavuni. Ikiwa inakimbia kutoka juu hadi chini bila kukatizwa, fimbo itabeba uzito. Ikiwa inatoka nje kwa mshazari, au pana jicho kubwa la tawi katikati, hapo ndipo itakapokatika siku mzee atakapoiegemea kwa nguvu.

Kuchonga na kumalizia

Kaa utazame kazi. Tezo huondoa mabaki makubwa, kisha tupa hufuata, kisha kisu. Wengine hukwangua kwa ukingo wa kioo kilichovunjika, nacho hutoa uso laini ajabu. Baadaye huja msasa, ule wa nambari 80 kwanza, halafu 120, kisha 240. Ukiruka mmoja, mikwaruzo ya ule wa kwanza itajitokeza mafuta yakishapakwa. Kabla ya msasa wa mwisho, fundi hupitisha kitambaa chenye maji. Nyuzi ndogo zilizolala husimama, naye huzikata mara moja, zisije zikasimama siku mkono wa mzee utakapotoa jasho.

Vanishi hukaa juu ya mti kama koti. Hung'aa, lakini ikibanduka, mti hubaki uchi. Mafuta ya kitani huingia ndani. Ndiyo yaliyopakwa vitako vya zile bunduki za Lee-Enfield, na ndiyo yanayofaa kitu kinachoshikwa kila siku. Paka kidogo, ngoja dakika 15 au 20, futa yote yaliyobaki juu, acha ikauke. Desturi ya zamani ni kupaka kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja, halafu mara moja kila mwaka. Kazi hiyo mwachie mjukuu.

Lakini tahadhari! Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni chaweza kupata joto chenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Kitumbukize majini au ukitandaze nje mpaka kikauke.

Mwisho, chini ya fimbo pavishwe kofia ya mpira, la sivyo sakafu ya vigae itamwangusha mzee, na uchongaji wote utakuwa bure.

Neno kwa vijana

Nawe mwanafunzi upendaye kazi za mikono, huenda umesikia kuhusu bunduki za mchezo zirushazo vidonge vya plastiki, mchezo ulioanzia Japani. Wenzako ng'ambo hujichongea vitako vya mti wa mjozi kwa ajili ya bunduki hizo, na kazi yao ni nzuri. Lakini hapa kwetu Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inagusa hata silaha za bandia, na polisi akiiona kwa mbali usiku hatakuwa na nafasi ya kukuuliza kama ni mchezo. Ufundi ni ule ule: kupima mwili, kusoma nyuzi, kukausha, kupaka mafuta. Anza na fimbo. Ukikosea, hutakuwa umepoteza ila kijiti, na ukifaulu kuna mtu nyumbani atakayeishika kila asubuhi.

Usitazamie kurudi na fimbo siku hiyo hiyo. Fundi akikwambia urudi baada ya wiki mbili, mshukuru, maana haraka haraka haina baraka. Acha malipo ya awali, andika kipimo kwa tarakimu kwenye karatasi, na umwombe aache sentimita mbili zaidi, kwani fimbo ndefu hukatwa, fupi hairefushwi. Siku ya kuichukua, ukiweza, mchukue mzee mwenyewe. Mwache aishike, aizungushe, atembee nayo hatua 20 mbele ya kibanda. Yeye ndiye atakayesema kama kazi imekwisha.