Aya ya Nge

Usiku ambao mpwa wangu aliumwa ndio usiku nilioona, kwa mara ya kwanza, nge aliyebeba watoto.

Ilikuwa Siyu, kisiwani Pate, nyumbani kwa bibi yangu. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alishuka kitandani kwenda chooni, akakanyaga, akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia nikiwa Nairobi katikati ya honi za matatu. Tukamulika kwa tochi ya simu. Nge alikuwa ameganda kwenye kizingiti, mkia juu, na mgongoni ana kitu cheupe kama wali uliomwagika. Wali ukasogea. Walikuwa watoto, wengi, wamepandana.

Bibi hakungoja nihesabu. Alivua kiatu chake cha ngozi, vile vya Siyu vya kushonwa kwa mkono, akasema "Bismillahi," akapiga. Watoto wachache walitawanyika sakafuni. Akawafuata mmoja mmoja, mwanamke wa miaka sabini na kitu, ameinama, kiatu mkononi.

Halafu tukagundua maji yamekupwa.

Asiyeijua Siyu atauliza kwa nini hatukuondoka palepale. Maji yakikupwa, mkono wa bahari ulio mbele ya ngome hubaki tope na mikoko, na mashua hulala ubavu. Hata ukichukua bodaboda mpaka gatini Mtangawanda, safari ya Lamu mjini inapita Mkanda, kile kipenyo chembamba kati ya Manda na bara, na Mkanda nao unataka maji. Nahodha tuliyemwamsha alitoka mlangoni akiwa na kikoi, akatazama mwezi, akasema: alfajiri.

Kwa hiyo tulingoja. Bibi alimkanda mtoto mguu kwa maji na chumvi, maana kuna riwaya kwamba Mtume mwenyewe aliumwa na nge akiwa ndani ya sala, akaagiza maji na chumvi. Mwalimu wa jirani akaja, akasoma, akaandika kombe kwa zafarani. Mtoto alikuwa akitokwa na jasho na mate, na mguu unamtetemeka wenyewe. Mimi nilipanda juu ya dari kutafuta mtandao. Nikasoma kwamba mtoto mdogo yuko hatarini zaidi kwa sababu sumu ni ileile lakini mwili wa kuibeba ni mdogo. Nikasoma pia kwamba kwa kawaida nge mwenye magando membamba na mkia mnene ndiye wa kuogopwa, na mwenye magando manene ana nafuu. Nikashuka mbio kwenda kumpima aliyeuawa. Kiatu cha bibi hakikuacha cha kupimwa.

Wakati huo dada yangu amekaa sakafuni, anarudia jambo moja tu: hakukung'uta mkeka. Na jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema labda mtoto ana jicho, au labda kuna sadaka iliyosahaulika.

Maji yalijaa, tukavuka. Hospitalini walimpa dawa ya maumivu, wakamlaza wamtazame, na siku ya pili alikuwa akidai biskuti. Lakini dada yangu hakumrudisha Siyu kwa miaka mitano.

Usiku ule, nikiwa juu ya dari, nilimwandikia kila mtu niliyekuwa na namba yake. Mmoja alikuwa rafiki yangu wa Mbale, tuliyekaa chumba kimoja nilipokuwa nasoma Kampala. Yeye ni Myahudi. Ndiyo, Mganda Myahudi. Jamii yao, Abayudaya, ilianza 1919 pale Semei Kakungulu, mtawala na kiongozi wa vita, aliposoma Agano la Kale akaamua kulifuata kama lilivyo, yeye na watu wake. Idi Amin aliwapiga marufuku, wengi wakatawanyika, wachache wakabaki. Hakunijibu usiku ule kwa sababu ulikuwa wa Ijumaa, na Sabato ikiingia simu yake huzimwa. Jumamosi jua lilipozama nikapata ujumbe: "Pole sana ndugu. Mtoto?"

Baada ya wiki kadhaa, alipojua mtoto yuko salama, akanitumia kitu. Kuna maandishi ya kale ya Kiyahudi yanayoitwa Perek Shirah, ambamo viumbe zaidi ya 80, kuanzia mbingu na bahari mpaka miti, ndege na mbwa, kila kimoja kimepewa maneno yake ya kumsifu Mungu, mengi yametolewa kwenye Biblia. Utangulizi wake una kisa cha mfalme Daudi, aliyemaliza Zaburi akajisifu kwamba hakuna kiumbe aliyeimba kumshinda, mpaka chura akamwambia atulie, kwani yeye chura anaimba zaidi. Nikacheka. Kisha nikasoma sehemu ya wadudu na wanyama watambaao. Nyoka amepewa aya isemayo kwamba Mungu huwashika wanaoanguka. Nge naye amepewa aya ya tisa ya Zaburi ya 145: kwamba wema wa Mungu ni kwa wote, na huruma zake zimeenea juu ya vyote alivyoviumba.

Nge! Nilikasirika kama nimetukanwa. Nikamwandikia rafiki yangu: hiyo wangempa njiwa.

Alinijibu kwa mkupuo wa sauti wa dakika nane, na tukabishana kwa miezi. Kwanza alinieleza kuwa kwenye Talmudi kuna fundisho kwamba Mungu hakuumba hata kitu kimoja bure. Konokono, nzi, mbu, nyoka, buibui, kila mmoja ni dawa ya jambo fulani. Hapo hakunipata. Ukishasema kiumbe ana haki ya kuwepo kwa sababu ananifaa, hujazungumzia huruma, umezungumzia duka la dawa. Sisi wa visiwani tunaijua vizuri hesabu hiyo. Taa ana mwiba unaoweza kumlaza mvuvi wiki nzima, na hakuna anayemchukia, kwa sababu taa analiwa. Nge haliwi. Nge hana cha kujitetea nacho.

Kisha akanisimulia kisa cha Hanina ben Dosa, mcha Mungu wa zamani. Palikuwa na mnyama mwenye sumu akiwadhuru watu, Hanina akaomba aonyeshwe tundu lake, akaweka kisigino juu yake. Mnyama akamuuma, na aliyekufa ni mnyama. Hanina akambeba begani mpaka nyumba ya masomo, akawaonyesha watu kwamba kinachoua ni dhambi, mnyama hana uwezo huo. Nilisikiliza nikamwona dada yangu sakafuni na mkeka wake. Nikamuuliza: mtoto wa miaka minne ana dhambi gani? Au ni ya mama yake? Nilizima simu. Siku mbili hatukuzungumza.

Siku ya tatu akaniandikia sentensi chache. Ukurasa huohuo wenye kisa cha Hanina, mistari michache kabla yake, una sheria. Mtu akiwa katikati ya sala kuu, hata nyoka akimzunguka kisiginoni asiikatize. Lakini akiwa ni nge, akatize.

Hiyo ndiyo iliyonitoa kwenye ubishi. Kwa sababu naijua. Sisi nasi tumefundishwa madrasa kwamba nyoka na nge wauliwe hata mtu akiwa ndani ya sala. Dini mbili zinazogombana kwa mengi zimekubaliana kuhusu huyu mdudu. Watu walewale walioweka aya ya huruma kinywani mwake ndio wanaokuamuru uache kuongea na Mungu ukimwona. Hawakuwa wajinga. Walijua mkia ule ni wa nini. Basi aya ile haikuandikwa na mtu aliyedhani nge ni mpole, na aliyeiweka hakuwa akinitaka nijifanye sikuogopa.

Rafiki yangu alinieleza jambo moja zaidi, na hili nilikuwa nalo nusu tayari. Huruma kwa Kiebrania ni rahamim, na tumbo la uzazi ni rehem. Kiarabu vilevile: rahma na rahim. Neno letu rehema limetoka hukohuko. Kila bibi anapoanza jambo kwa jina la Rahmani na Rahimu, tumbo la mama limo ndani ya maneno hayo. Nge hatagi mayai kama buibui. Huzaa watoto hai, weupe, laini, wasio na ulinzi wowote, na hao humpanda mgongoni na kukaa hapo mpaka wajivue ngozi ya kwanza. Kabla ya hapo, akiwapoteza, wamekwisha. Tumefundishwa pia kwamba Mungu ana rehema mia, na amesha­teremsha moja tu duniani, hiyo wakagawana majini, watu, wanyama na wadudu, na kwa hiyo moja hata mnyama mkali humhurumia mwanawe. Nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni na siku zote nikamfikiria simba. Sikuwahi kufikiria kizingiti cha bibi.

Sijui kama nimemsamehe. Enyewe sidhani nge anahitaji msamaha wangu. Lakini nikikumbuka usiku ule sasa naona akina mama wawili chumba kimoja, na sijaweza tena kumwona mmoja tu.

Idi iliyopita dada yangu alikubali. Tulikwenda Siyu wote, na nikabeba tochi ya mwanga wa zambarau, kwa sababu nge huwaka ukimmulika nayo, kijani kama namba za saa gizani. Nilitaka mpwa wangu, sasa ana miaka tisa, awaone kabla hawajamwona. Tulizunguka ukuta wa nje, ule wa mawe ya matumbawe, wenye nyufa kila mahali. Tukahesabu saba.

"Mjomba," akanong'ona, "kumbe wako siku zote."

Mmoja alikuwa na giza mgongoni, kama amepakwa masizi. Ni watoto: ngozi yao ya kwanza bado haiwaki.

Bibi alikuwa barazani. "Wangapi?" akauliza.

"Saba."

"Wana watoto?"

"Mmoja."

Akanyamaza kidogo. Kiatu kilikuwa tayari mkononi. "Huyo mwateni mpaka asubuhi," akasema. Kisha akainuka kuwaendea wale sita.

Asubuhi hakuwepo ukutani. Bibi hakumnywesha mtu chai mpaka alipokung'uta kila mto, kila shuka na kila kiatu ndani ya nyumba, na mkeka wa mpwa wangu akaukung'uta mara mbili, dada yangu akimsaidia kushika upande wa pili.