Dosari ya Gari Haifichwi

Msikiti wetu mkoani Shinyanga unalo gari la haibridi, lililonunuliwa kwa michango ya waumini ili kuwafikisha walimu wa madrasa katika vijiji vya upande wa Geita. Mwaka huu lilianza kutetemeka kila liwashwapo asubuhi, na maji ya rejeta yakawa yanapungua pasipo kuvuja.

Maradhi haya si mageni kwa mafundi. Prius za kizazi cha tatu, zilizoanza kuuzwa mwaka 2009, zinafahamika kwayo: masizi huziba njia inayorudisha moshi wa ekzosi ndani ya injini, gasketi ya silinda hedi hufa, na maji huingia kwenye silinda. Nalo vumbi huziba feni inayopoza betri, ambayo huvuta hewa kando ya kiti cha nyuma.

Akaja mnunuzi, mchimbaji mdogo wa dhahabu, mwenye fedha mkononi. Alilijaribu mchana, injini ikiwa na moto, wala halikutetemeka. Baadhi yetu walishauri tunyamaze, kwani fedha ni za msikiti. Tukakumbushana jinsi Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji uliofichika chini, akamkemea muuzaji. Tukamweleza mnunuzi yote. Naye akaenda zake.

Gari lingali uani, na walimu wanapanda bodaboda. Enyi ndugu mnaotafuta magari haya, liwasheni alfajiri, injini ikiwa baridi, na mpime maji kabla ya kutoa fedha. Nanyi wauzaji, semeni kabla ya kuulizwa.